Dakika za Kufuli: Ulinzi wa Baiskeli katika Migori na Homa Bay

Katika kaunti za Migori na Homa Bay baiskeli ni chombo cha kazi kwanza, na ndiyo maana wizi wake huvuruga mambo mengi kwa mpigo mmoja. Mchuuzi anayeamka alfajiri kuchukua omena ufuoni Mbita au Sindo na kuipeleka vijiji vya bara, mkulima wa Kabondo anayefikisha viazi vitamu sokoni Oyugis, kijana anayewauzia wenye hoteli maji ya mitungi mjini Awendo, na mwanafunzi ambaye shule yake iko mbali na kwao, wote hao hupoteza mali siku baiskeli inapoibwa, kisha hupoteza pia mapato au masomo ya siku zinazofuata, kwa kuwa fedha za kununua nyingine zingetokana na kazi ya baiskeli ileile iliyokwenda. Mada ya mazungumzo haya ni namna ya kuifunga baiskeli ili mwizi aone taabu kuichukua, na hoja inayotetewa ni kwamba kufuli, liwe la bei gani, humpa mwenye mali dakika chache tu, na dakika hizo huwa na thamani pale ambapo baiskeli imefungwa kwenye kitu kisichong'oka na mahali penye macho ya watu.

Baiskeli iliyozoeleka zaidi katika eneo hili ni ile nzito ya chuma, yenye fremu ya kiume na keria pana nyuma, ambayo Wakenya huiita Black Mamba, na ambayo umbo lake lilitokana na baiskeli za Kiingereza, zikiwemo za Raleigh, kabla ya viwanda vya India na China kuliendeleza. Uzito wake hukaribia kilo 20 hata kabla haijapakiwa kitu. Nyingi huwa na kufuli dogo lililokazwa kwa skrubu kwenye fremu juu ya gurudumu la nyuma, yaani pete ya chuma iliyokatika upande mmoja, ambayo ndani yake mna kijiti cha chuma kinachosukumwa kupita katikati ya sipoku ili gurudumu lisizunguke. Kufuli la namna hiyo ni jepesi kutumia na halisahauliki nyumbani, na kwa miaka mingi lilitosha, kwa sababu lilikusudiwa kumzuia mwizi wa aina moja, yule anayeirukia baiskeli iliyoegemezwa ukutani na kutoweka nayo akiiendesha. Aliyetaka kuichukua ikiwa imefungwa alilazimika kuibeba begani, na mtu aliyebeba kilo 20 za chuma katikati ya soko hakukosa kuulizwa anakwenda nazo wapi.

Hali hiyo imebadilika kwa sababu ya pikipiki. Biashara ya bodaboda ilipoanza Busia katika miaka ya 1960, chombo chake kilikuwa baiskeli, na kwa miongo kadhaa miji ya magharibi mwa Kenya ilisafirishwa kwa miguu ya vijana waliokanyaga pedali. Baada ya serikali kuziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, pikipiki zilimiminika nchini, abiria wakahamia huko, na baiskeli ikabaki na mizigo, wanafunzi na safari za karibu. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba pikipiki ilimletea mwizi mkokoteni wenye injini, kwa maana baiskeli iliyofungwa gurudumu pekee huweza kuinuliwa na watu wawili, ikalazwa nyuma ya dereva na kuondoka bila gurudumu lake kuzunguka hata mara moja. Mwenye baiskeli anayesokota ufunguo wa pete, akautia mfukoni na kwenda zake akiamini kwamba amefunga, kwa kweli ameizuia baiskeli isiendeshwe, lakini hajaizuia isibebwe.

Wataalamu wa makufuli wamejua kwa muda mrefu kwamba hakuna kufuli lisilofunguka. Wakati wa Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua kufuli la kampuni ya Bramah ambalo lilikuwa limekaa dirishani mwa duka kwa miongo mingi, likiwa na ahadi ya gini 200 kwa yeyote atakayelishinda, na kazi hiyo ilimchukua takriban saa 51 zilizogawanywa katika siku 16. Waliofedheheka kwa tukio hilo walisahau upande wake wa pili, kwamba kufuli lililomtaka fundi hodari saa 51 lilikuwa limetimiza wajibu wake barabara, kwa kuwa hakuna mwizi anayepewa siku 16 mbele ya mlango wa watu. Kwa msingi huohuo, shirika la Sold Secure la Uingereza, linalopima makufuli kwa kuyashambulia kwa vifaa ambavyo wezi hutumia, limeyapanga makufuli ya baiskeli katika madaraja kwa kuzingatia muda yanaostahimili mashambulizi, na kwa muda mrefu daraja la shaba lilimaanisha dakika moja, la fedha dakika tatu na la dhahabu dakika tano. Dakika tano zinaweza kuonekana kidogo kwa mtu aliyelipa fedha nyingi, lakini mbele ya kibanda cha M-Pesa kilichojaa wateja mjini Rongo, saa nne asubuhi, ni muda mrefu mno kwa mtu anayekata chuma kisicho chake.

Kwa hiyo swali la kwanza analopaswa kujiuliza mnunuzi ni kifaa gani kitatumika dhidi ya kufuli lake. Waya uliosokotwa na kufunikwa plastiki, ambao huuzwa sana kwa kuwa ni mwepesi na una rangi za kupendeza, huonekana mnene kwa sababu ya plastiki yenyewe, ilhali ndani yake mna nyuzi nyembamba za chuma ambazo koleo la kawaida la fundi wa stima huzikata moja baada ya nyingine bila kelele. Waya huo unafaa kushikilia kiti au gurudumu la mbele ukiwa wa ziada, lakini haufai kuwa ulinzi wa pekee. Mnyororo ni bora zaidi endapo pete zake ni nene na zimetengenezwa kwa chuma kigumu, yaani chuma kilichochomwa na kupozwa ghafla kiwandani hata msumeno usiweze kukiuma. Njia rahisi ya kukitambua ni tupa ya fundi, kwa kuwa tupa ikipitishwa juu ya chuma laini huacha mfereji unaong'aa, na ikipitishwa juu ya chuma kigumu huteleza ikipiga kelele na kuacha alama hafifu. Mnyororo mzuri uliounganishwa kwa kufuli dhaifu bado ni dhaifu, jambo ambalo husahauliwa na wengi wanaonunua mnyororo kwa mita katika duka la vifaa vya ujenzi, kisha wakautia kufuli dogo la sanduku la shuleni, ambalo huvunjika kwa pigo moja la nyundo.

Aina ya tatu ni kufuli la umbo la U, yaani nondo moja nene iliyopindwa na kufungwa kwa mtarimbo mfupi wenye tundu la ufunguo, ambalo lilienezwa na kampuni ya Kryptonite ya Marekani tangu miaka ya 1970. Ubora wake unatokana na kukosa nafasi, kwa kuwa likikazwa vizuri halimwachii mwizi mahali pa kupenyeza nondo ya kulipindua. Hata hivyo, mwaka 2004 ilidhihirika kwamba baadhi ya makufuli ya kampuni hiyo yenye ufunguo wa mviringo ulio wazi katikati yaliweza kufunguliwa kwa ganda la kalamu ya Bic, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja makufuli yao. Mnunuzi wa Migori anayekutana na ufunguo wa namna hiyo dukani ana sababu nzuri ya kuuliza ule bapa. Makufuli ya nambari nayo yapimwe kwa akili hiyohiyo, kwa kuwa la tarakimu tatu lina nambari 1,000 tu, na mtu mwenye subira aliyekaa kando yake kama anayesubiri matatu huweza kuzijaribu zote kabla ya jua kutua.

Namna ya kufunga ina uzito sawa na kufuli lenyewe, na pengine zaidi. Mnyororo unaopita kwenye gurudumu la mbele pekee humwachia mwizi fremu na gurudumu la nyuma, kwa sababu gurudumu la mbele hufunguka kwa spana moja. Unaopita kwenye keria pekee hautoshi, kwa kuwa keria nayo imeshikwa kwa nati. Sehemu inayostahili kushikwa ni fremu pamoja na gurudumu la nyuma, ambalo ni ghali kuliko la mbele, na zote mbili zishikamanishwe na kitu kilichosimikwa ardhini. Sheldon Brown, fundi wa Marekani aliyefariki mwaka 2008 na ambaye mafunzo yake kuhusu baiskeli yanasomwa duniani kote, alifundisha kwamba kufuli dogo la U likipitishwa kwenye rimu ya nyuma na nguzo, ndani ya ile pembetatu ya vyuma inayolishika gurudumu hilo, fremu huwa imefungwa pia bila kuguswa, kwa kuwa gurudumu haliwezi kuvutwa likapenya katika pembetatu hiyo. Kwa Black Mamba, ambayo matairi yake ni mapana na ambayo mara nyingi hufungwa kwenye kitu kinene, mnyororo wa kutosha kuzunguka fremu, rimu na nguzo kwa pamoja hufaa zaidi, mradi usiachwe ukining'inia. Mnyororo uliolegea hadi ukagusa ardhi humpa mwizi fuawe ya bure, kwani huuweka juu ya jiwe na kuupiga nyundo, au huuegemeza mpini mmoja wa mkasi wa vyuma ardhini na kuukandamiza ule wa pili kwa uzito wa mwili mzima. Ukiinuliwa hadi usawa wa mtarimbo wa kiti na kukazwa, nguvu hizo zote mbili hupotea.

Kuhusu kitu cha kufungia, macho ya mwenye baiskeli hudanganyika kwa urahisi. Mti mchanga uliopandwa mbele ya duka huonekana imara, lakini panga huumaliza kwa mapigo machache. Nguzo ya kibao cha barabarani ambayo haikumiminiwa saruji hung'olewa kwa kutikiswa, na nguzo fupi isiyo na kichwa humruhusu mwizi kuiinua baiskeli pamoja na mnyororo wake na kuivua kwa juu. Nguzo ya stima ni imara bila shaka, ila unene wake hudai mnyororo mrefu. Nguzo za chuma za baraza za maduka, vyuma vya madirisha na malango yaliyojengewa ukutani ni bora, kwa idhini ya mwenye duka, na idhini hiyo ina faida ya pili itakayoelezwa hivi punde. Karibu na ziwa, unyevu na mchanga huziba matundu ya makufuli, kwa hiyo tundu likielekezwa chini na kutiwa unga wa risasi ya penseli, ambao haunasi vumbi kama mafuta ya kupikia, kufuli hudumu muda mrefu zaidi na mwenyewe hashawishiki kuliacha wazi kwa kuchoshwa na ufunguo unaokwama.

Baiskeli za mtumba kutoka Ulaya na Asia zina udhaifu wa pekee, kwa kuwa magurudumu yake mara nyingi hushikwa na mshikio wa kufungua kwa mkono, uvumbuzi wa Mwitaliano Tullio Campagnolo wa mwaka 1930, uliokusudiwa kumsaidia mwanamichezo abadilishe gurudumu haraka mlimani. Kwa mtumishi anayeacha baiskeli nje ya ofisi mjini Homa Bay kutwa nzima, haraka hiyo ni ya mwizi, na fundi wa baiskeli huweza kuiondoa kwa kutia ekseli ya kawaida yenye nati.

Sehemu iliyobaki ya ulinzi ni watu. Huko Nyatike, katika kaunti ya Migori, ziko kuta za mawe za Thimlich Ohinga, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, na ambazo zilijengwa yapata karne ya 16 bila udongo wala chokaa ya kushikanisha mawe. Malango yake ni membamba na mafupi kiasi kwamba anayeingia hulazimika kuinama, na kwa hiyo adui aliingia mmoja mmoja, polepole, mbele ya walioko ndani. Ukuta ulichelewesha na binadamu akaona. Baiskeli iliyofungwa kwa mnyororo bora nyuma ya choo cha soko imeuvunja mpango huo, kwa sababu dakika zote zilizonunuliwa hupita bila shahidi. Iliyofungwa mbele ya kinyozi, karibu na mama anayeuza mandazi, au kando ya steji ya bodaboda ambako mwenyekiti na wenzake hukaa tangu asubuhi hadi usiku, hupata walinzi wasiolipwa, na kumsalimu mwenye duka huku akiombwa ruhusa ya nguzo kunamfanya amjue mwenye baiskeli kwa sura. Bila ujuzi huo, hata jirani mwema hawezi kutofautisha mwizi na mtu aliyepoteza ufunguo wake mwenyewe.

Ipo hatari hapa ambayo haifai kufichwa. Mara nyingi macho ya watu yamegeuka kuwa mikono ya watu, na mshukiwa wa wizi wa kitu kidogo amepigwa hadi kufa kabla polisi hawajafika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda uhai katika kifungu cha 26, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na inampa kila mshtakiwa haki ya kusikilizwa. Hakuna baiskeli, hata iwe ndiyo inayolisha nyumba nzima, inayostahili kulipwa kwa damu ya mtu, na mara kadhaa damu hiyo imekuwa ya asiye na hatia. Kazi ya walioona ni kupiga kelele, kumzuia asitoroke na kumkabidhi kwa chifu au polisi akiwa mzima.

Sheria yenyewe inaonyesha ni wapi wizi huu unapata nguvu. Chini ya Kanuni ya Adhabu, wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 3 kwa mujibu wa kifungu cha 275, na baiskeli iliyochukuliwa nje ya duka huangukia hapo, ilhali wizi wa gari umewekewa miaka 7 katika kifungu cha 278A. Lakini anayepokea mali akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa anaweza kufungwa hadi miaka 14 chini ya kifungu cha 322. Watunga sheria walielewa kwamba mwizi huiba kwa sababu yuko mnunuzi, na wanaonunua baiskeli kwa bei ya kutupa bila kuuliza wanapaswa kujua kwamba adhabu yao huweza kuzidi ya mwizi mara nne na ushei. Kwa hiyo kila baiskeli iandikwe ile nambari iliyogongwa kwenye fremu, ambayo kwa kawaida hupatikana chini ya mhimili wa pedali au kwenye bomba la kiti baada ya kufuta matope na grisi, na nambari hiyo ihifadhiwe pamoja na risiti na picha ya simu. Taarifa inayopelekwa kituoni na kuandikwa katika kitabu cha matukio, ambacho Wakenya hukiita OB, ikisema tu kwamba baiskeli nyeusi imeibwa, haimsaidii afisa yeyote, kwa kuwa nyeusi ni nyingi mno. Ikiwa na nambari, huweza kutumwa hata Isebania, mahali ambapo baiskeli ikishavuka kuingia Sirare, upande wa Tanzania, kuithibitisha kuwa ya fulani huwa kazi nyingine kabisa. Baiskeli nyingine huishia vipande vipande kwenye mizani ya vyuma chakavu, na hapo Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamdai mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za aliowanunulia, sharti ambalo lina maana pale tu maafisa wanapolifuatilia.

Mzigo huu wote hauwezi kuachiwa mwenye baiskeli peke yake. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti masoko na maegesho, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,116,436 Migori na 1,131,950 Homa Bay, wengi wao wakiishi mashambani na kuyafikia masoko kwa miguu, kwa baiskeli au kwa pikipiki. Hata hivyo, soko linapojengwa, hutengwa nafasi ya malori na ya matatu, na mwenye baiskeli huachiwa ukuta wa kuegemeza. Kinachohitajika ni bomba la chuma lililopindwa kama lango dogo, lenye urefu wa sentimita 75 hivi kwenda juu, na miguu yake miwili imiminiwe saruji, aina ya kiegesho ambayo imepewa jina la mji wa Sheffield, Uingereza. Kila bomba hushika baiskeli mbili kwa fremu zao, tofauti na vile vyuma vya chini vinavyobana gurudumu la mbele pekee, ambavyo hulipinda gurudumu na kumwachia mwizi yaliyobaki. Fundi yeyote wa kuchomelea vyuma mjini Migori, Rongo au Kendu Bay anaweza kutengeneza viegesho hivyo, ila apewe maagizo mawili, kwamba nafasi kati ya bomba na bomba izidi mita moja kwa sababu ya keria zilizosheheni mizigo, na kwamba visimikwe mbele ya lango la soko, mkabala na kibanda cha mkusanya ushuru, ambaye hukaa hapo kutwa nzima akitazama kila anayeingia na kila anayetoka.